Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Funguo Nyingi, Makufuli Machache

Ndugu wanachama,

Nianze na lile ambalo wengi wenu mmeshalisikia pembeni. Ni kweli: makumbusho yetu, yenye kabati zima la funguo, ilipoteza ufunguo wa stoo yake yenyewe. Fundi tuliyemwita alifungua mlango kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kumweleza shida yetu, kisha akazunguka akitazama vitu vyetu huku akitabasamu. Tumechonga funguo mbili za akiba. Mmoja anao katibu.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa daftari la mapokezi, yaani orodha ya vitu tunavyopokea. Tulipofungua masanduku ya zamani tulikuta funguo nyingi zisizo na makufuli, na nyingi zaidi zisizo na maelezo yoyote. Kuna ufunguo mmoja mrefu wa chuma ambao kichwa chake kimelika upande mmoja tu, pale kidole gumba kinapokaa. Mtu aliuzungusha miaka nenda miaka rudi. Alikuwa nani, na alifunga nini? Daftari liko kimya. Ndiyo maana kamati imeamua kwamba hatupokei tena kitu bila karatasi ya maelezo, hata iwe mistari mitatu. Uamuzi huu umewaudhi baadhi yenu, na kuna aliyerudi nyumbani na mfuko wake. Hata hivyo nausimamia.

Wageni wanavutwa zaidi na kufuli la mbao, la mtindo uliotumika Misri ya kale. Vijiti vilivyo juu hudondoka kwa uzito wake kwenye matundu ya komeo na kulizuia. Ufunguo wenyewe ni kipande cha mbao chenye meno: unauingiza, unauinua, vijiti vinapanda, unavuta komeo. Watoto hulifungua tena na tena. Pembeni tumeweka kitasa cha kawaida kilichopasuliwa, waone kwamba Linus Yale mdogo, mtengenezaji makufuli wa Marekani aliyesajili hataza yake (haki ya uvumbuzi) mwaka 1861, alilitia wazo hilohilo ndani ya silinda ndogo ya chuma, vijiti vikisukumwa na springi.

Bango la Joseph Bramah, mtengenezaji makufuli wa Uingereza, nililipinga kikaoni, kwa sababu hatuna hata kufuli lake moja. Nilikosea. Wageni husimama hapo wakisoma jinsi kufuli lake lilivyokaa miaka mingi dirishani London, na zawadi ya gini 200 (fedha ya zamani ya Uingereza) kwa atakayelifungua bila ufunguo, hadi Mmarekani Alfred Charles Hobbs alipolishinda mwaka 1851. Alihitaji saa 51, katika siku 16. Fundi wetu alipolisoma alicheka sana.

Kuhusu utunzaji, mwenye nia njema mmoja alizisugua funguo kadhaa za shaba kwa msasa. Zinang'aa, ila alama za watengenezaji zimekwenda. Tafadhali, vitambaa laini tu, na glavu kila mara: jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye chuma hugeuka kutu.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Paa bado linavuja kwenye kona ya stoo, na masanduku ya hapo tumeyahamisha.

Baada ya mkutano, ule ufunguo mrefu utakuwa mezani karibu na mlango. Anayeutambua, au anayemjua anayeweza kuutambua, asiondoke kabla ya kuonana na katibu.

Naomba kuwasilisha.