Jiko la spiriti lafaa mlimani, ila litumiwe kwa uangalifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana ambao siku hizi hupanda milima ya Uluguru na Usambara, wakilala kwenye mahema na kujipikia wenyewe. Nafurahi sana kuwaona, lakini mizigo yao hunisikitisha. Mmoja hubeba mtungi wa gesi wa kilo 6, na kilo hizo ni za gesi peke yake kabla hujahesabu chuma. Mwingine huacha jiko nyumbani akitegemea kuokota kuni katika msitu unaolindwa.

Kwa watu wawili wanaolala mlimani usiku mmoja au miwili, jiko dogo la spiriti latosha kabisa. Waliokulia kwenye jiko la primus wanaijua spiriti, kwani ndiyo iliyotangulia kulipasha kichwa kabla ya mafuta ya taa kuwaka. Kampuni ya Trangia ya Sweden inatengeneza majiko ya spiriti tangu 1951, lakini hata kopo la soda likikatwa vizuri na kutobolewa vitundu pembeni huwa jiko lisilofika gramu 20, lisilo na pampu wala mpira wa kuharibika. Upungufu wake ni kwamba spiriti, kwa uzito uleule, hutoa joto linalozidi kidogo tu nusu ya lile la gesi, hivyo safari ikiwa ndefu wepesi wa jiko humezwa na uzito wa chupa. Kwa siku mbili, nusu lita, ambayo ni kama gramu 400, yatosha kwa chai, uji na tambi, mradi jiko lizungushiwe kinga ya upepo na sufuria isikae wazi.

Kuhusu sufuria, nawasihi vijana wasihangaike kuagiza za titani kwa bei kubwa. Titani ni ngumu, kwa hiyo sufuria yake huweza kuwa nyembamba na nyepesi sana, lakini joto hukaa mahali pamoja na uji hushika chini mara moja. Aluminiamu husambaza joto vizuri zaidi, na sufuria yetu ya kawaida ya lita moja, isiyo na mikono, pamoja na mfuniko wake, ndiyo ninayoibeba mimi. Jiko na kiberiti huingia ndani yake. Maharage yabaki nyumbani, kwani juu mlimani hayaivi upesi. Katika kituo cha Saddle kwenye Mlima Meru, meta 3,570 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, na hata ukikoleza moto namna gani hayapati joto zaidi ya hapo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni usalama. Mwali wa spiriti hauonekani mchana. Mwenzangu mmoja, tukiwa Uluguru, alidhani jiko limezimika, akamimina spiriti kutoka kwenye chupa. Moto ukapanda hadi mkononi mwake, na tuliteremka siku ileile tukimtafutia matibabu. Jiko liachwe lipoe kabisa ndipo lijazwe, tena kwa kikombe kidogo, chupa ikiwa imefungwa na kuwekwa mbali. Lisiwashwe ndani ya hema hata mvua ikinyesha, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka haina rangi wala harufu. Liwekwe juu ya jiwe au udongo mtupu, mbali na nyasi kavu. Tusisahau Oktoba 2020, moto ulipoteketeza uoto wa Kilimanjaro kwa siku nyingi. Taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilisema ulianzia eneo la Whona, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Nawaomba pia wauzaji wa spiriti. Nimeiona mara nyingi ikipimwa katika chupa za maji ya kunywa zisizo na alama yoyote, na spiriti nyingine huwa na methanoli, ambayo hata kidogo chake huweza kumpofusha au kumuua aliyeinywa. Kambini, gizani, mtu mwenye kiu hushika chupa iliyo karibu. Waiuze katika chupa ya umbo jingine, iliyoandikwa SUMU kwa herufi kubwa, na mnunuzi asikubali kuipokea bila maandishi hayo.

Mpanda milima,
Morogoro