Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Umoja wa Tuliomaliza Kidato cha Sita 1998

Dada zangu wapendwa,

Nawashukuru mliofunga safari hadi hapa Morogoro, hasa mliotoka Bukoba na Songea, mliolala njiani ili muwahi kikao. Kabla sijasoma lolote, naomba tusimame dakika moja tuwakumbuke wenzetu wawili na wazazi watano tuliowazika tangu mkutano uliopita.

Asanteni. Tuketi.

Hesabu atazisoma mhazini, nami sitamtangulia. Tuko wanachama 61, ada bado ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na rambirambi zote ziliwafikia wafiwa kabla ya mazishi. Ninalotaka kulisema kwa kirefu halimo kwenye daftari lake.

Mwezi Machi tulikwenda tisa Kigoma kumzika mama wa mwenzetu. Watu wa mtaani pale waliuliza sisi ni nani kwa marehemu. Nilijibu kwamba mimi nimekula kwake. Wengi wenu mnakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivyoisomba reli ya kati huko Kilosa na Gulwe, na barabara nazo zikawa hazipitiki. Sisi wa Dar es Salaam tulikwama shuleni Tabora. Likizo ilipofika, mwenzetu akaniambia nifunge tranka langu twende kwao, maana treni ya Kigoma ilikuwa bado inatembea. Mama yake alikuja stesheni kumpokea binti mmoja, akakuta wawili. Hakuuliza kitu. Alichukua tranka langu akalitua kichwani kwake, na kwa wiki tatu nikala migebuka na ugali wa muhogo kama mtoto wa nyumba ile. Niliporudi shuleni nilikuwa na kanga mbili na chupa ya mawese.

Pale msibani nilipiga hesabu. Mama yule alipokuwa akinipokea stesheni alikuwa na miaka arobaini na kitu, umri tulio nao sisi leo. Mkwewe alimjua akiwa ameshazeeka, na wajukuu walimjua kama bibi wa kitandani. Sisi ndio tuliomkumbuka akicheka kwa sauti jikoni, mzigo kichwani, mgongo umenyooka. Mwenzetu alikaa katikati yetu usiku kucha akituuliza, "Unakumbuka alivyokuwa akiniita?" Tulikumbuka. Nadhani hilo ndilo tulilompelekea Kigoma, kuliko bahasha.

Huko huko msibani ndiko lilikozaliwa jambo la Julai. Marehemu aliugua saratani ya mlango wa kizazi, ikagundulika imeshachelewa. Usiku, tumejipanga kwenye mikeka kama bwenini, mmoja aliuliza nani kati yetu amewahi kupimwa. Kati ya tisa, wawili tu. Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na dalili zake za awali zikikutwa mapema zinatibika kabla hazijawa saratani. Binti zetu wamekuwa wakipata chanjo yake tangu 2018. Sisi haikutukuta, tulichobaki nacho ni kupima, na kipimo cha siki, kile cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, kimewalenga wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wengi wetu tuna 47.

Basi Julai wenzetu 22 wa Dar es Salaam walikwenda kwa siku moja, na wa Mwanza wanane wakafuata. Wawili walikutwa na dalili za awali, wakatibiwa, na wote wawili wako humu ukumbini. Mmoja amenipa ruhusa niseme hivi: tangazo la kipimo kile lilikuwa limebandikwa ukutani kazini kwake kwa miaka, na hakwenda. Alikwenda kwa sababu aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake alimgongea mlango saa moja asubuhi akamwambia avae viatu. Alijaribu kusema ana kikao. Lakini mtu aliyekuwa akikuamsha kwenda mchakamchaka anaijua sauti yako ya kusingizia. Ofisini yeye ni bosi, nyumbani ni Mama Fulani, na huko kote akisema ana kikao ataaminiwa.

Sasa niseme kosa langu. Mwezi Februari niliweka kwenye kundi la WhatsApp orodha ya waliochelewesha ada, kwa majina na kiasi. Niliona nawajibika. Siku ile ile mwenzetu mmoja alijitoa kundini, na namba yake ikawa haipatikani. Ilinichukua hadi Mei kujua kwamba duka lake lilikuwa limefungwa na alikuwa amehamia kwa kaka yake Dodoma. Nilipanda basi nikamfuata. Aliniambia ada haikumuuma kama kusomwa jina na watu pekee ambao mbele yao hakuwahi kujificha. Nilimwomba radhi, na leo naomba radhi mbele yenu. Bado hajarudi kundini. Amesema atakuja akiwa tayari, nami nampigia kila Jumapili.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura: anayeshindwa ada abaki mwanachama kamili, afiwapo azikiwe kama wengine, na deni lolote liwe siri kati yake na mhazini. Najua wapo watakaosema umoja utakosa nidhamu. Nimelifikiria hilo, na bado naunga mkono pendekezo. Tukitaka kukopeshana na kudaiana kwa kanuni, vikoba vipo kila mtaa. Mtu aliyegawana nawe kande na sabuni ya mche ukiwa na miaka kumi na tisa huwezi kumpata tena kwa ada yoyote.

La mwisho. Karibu na meza ya chai kuna karatasi yenye majina 23 ya wenzetu ambao hatujawapata tangu siku ile tulipoachana stesheni ya Tabora, kila mmoja na treni yake. Wakati ule tuliachiana namba za sanduku la posta, na masanduku mengi yalikuwa ya wazazi ambao sasa hawapo. Kabla hujachukua chai, tafadhali pitia majina yale. Kalamu imefungwa kwa uzi pembeni. Kama unakumbuka jina la kijiji tu, liandike.

Mwenyekiti