Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka ulioisha, mashimo mawili na hela za kompresa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wachimbaji wadogo wa shaba, Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, wazee wangu shikamooni. Hii taarifa nilitakiwa niisome ukumbini pale Chanika, Handeni, ila waliofika walikuwa 27 na akidi yetu kwa mujibu wa katiba ni nusu, yani watu 82, kwa hiyo kamati imesema niiandike hapa kwenye grupu kila mtu aisome mwenyewe, asije mtu kesho akasema hakuambiwa, hasa hili la hela za kompresa kwenda kwenye mashimo ya utafiti.

Ya kawaida nayapitia harakaharaka maana mnayajua. Ada ya leseni yetu tumelipa kwa wakati. Maduara matatu ya zamani, yani mashimo tuliyochimba kwa mkono, kule bondeni tumeyafukia baada ya ng'ombe wa watu kutumbukia. Misiba tumechangia, wagonjwa tumewaona, afisa madini alikuja akatukagua akaondoka hajatupiga faini na hapo naomba mkumbuke nani alizunguka siku mbili kabla anahimiza watu wavae kofia ngumu na wabadilishe matimba yaliyooza, yale magogo ya kuzuia shimo lisibomoke. Semina ya Dodoma nilienda mimi na katibu, posho tuliyopewa ilikuwa ya nauli na kulala, hakuna kingine, hayo maneno ya kwenye mabaraza ya kahawa tuyaache.

Michango sasa. Wanachama tupo 164. Ada ni 5,000 kwa mwezi, yani 60,000 kwa mwaka, ilitakiwa iingie milioni 9 na laki 8 na 40. Imeingia milioni 3 na laki moja na 20. Waliolipa ni 52. Hamsini na mbili! Wengine 112 hawajatoa hata shilingi lakini ndo wanaoongoza kwa kutuma voisi za dakika nne nne kuuliza hela za chama zimeenda wapi. Kuna mwanachama, simtaji, ana miaka miwili hajalipa na siku mtambo wa kuchoronga, yani wa kutoboa mwamba kutafuta madini, unashuka kwenye lori alikuwa wa kwanza kufika na kiti chake cha plastiki. Siku ile walikuja watu wengi kuliko mikutano yote ya mwaka ukiijumlisha, mpaka mama wa vitumbua akauza akamaliza akarudi kukaanga tena.

Nije kwenye lile lililofanya watu wanuniane mwaka mzima. Mfuko wa kompresa, ile mashine ya hewa ya kuchimbia mwamba, ulikuwa na milioni 14, mfuko wa kiwanja cha ofisi milioni 4 na laki 6, jumla milioni 18 na laki 6, na ni kweli zote tumezitumia kwenye utafiti. Vipimo vya ardhini milioni 3 na nusu. Kuchoronga mashimo mawili, mita 110 kwa jumla, milioni 13 na laki 2. Maabara, maji, mafuta na msosi wa mafundi milioni 1 na laki 9. Risiti anazo mweka hazina, mwenye mashaka aende akazishike kwa mkono asiishie kutuma stika za fisi.

Mnauliza kwanini. Mawe ya kijani tumeyaokota bondeni miaka na miaka, na kila mtu aliyeona kijani akachimba duara, akafika mita kumi, kumi na tano, kijani ikapotea akahamia pembeni. Mtaalamu wetu, yule kijana wa jiofizikia anayepima miamba bila kuchimba, alituelezea vizuri tu kwa waliokuwepo: shaba ya juu mvua imeshaiyeyusha na kuishusha chini kwa maelfu ya miaka, kinachobaki juu ni ile rangi, mali yenyewe kama ipo iko chini ya mwamba uliooza. Sasa kompresa ingetusaidia nini hapo? Kompresa inachimba pale ulipoielekeza, haikuambii uelekeze wapi. Ningenunua kompresa mngechimba maduara mengine arobaini ya kubahatisha na mwisho wa mwaka lawama zingerudi kwangu hukohuko.

Kuna waliosema tungetumia ramani ya ndege ya serikali, bure. Ramani tumeiona, tulienda GST, ile taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini, kule Dodoma. Lakini ile ndege iliyozunguka nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inapita kwa mistari iliyoachana kilomita moja, inapima usumaku wa miamba na mionzi. Leseni yetu ni hekta 10, ukiifanya mraba ni kama mita 316 kila upande. Maana yake ndege inaweza kupita mashariki yetu na kupita magharibi yetu na leseni nzima ikabaki katikati haijaguswa. Ile ramani inakuonyesha mkanda wa miamba kutoka Handeni mpaka Kilindi huko, haikuonyeshi uweke mtambo chini ya mbuyu au chini ya mwembe. Vipimo vya ndege vya kisasa, vya mistari ya karibu, kwa hesabu ya Wizara ya 2023 vilikuwa vimefanyika kwenye asilimia 16 tu ya nchi na Wizara ikasema inataka kufika asilimia 50 ikifika 2030, sasa mimi nisubiri 2030 na nyie mnanipigia simu kila asubuhi?

Na kukodi helikopta wenyewe, kama alivyopendekeza mjumbe mmoja kwa kejeli, ile inabeba pete kubwa ya waya inaning'inia chini yake, inapiga umeme kwenye waya halafu inaukata ghafla, na kule chini kama kuna kitu kinachopitisha umeme kinabaki na mkondo mdogo unaofifia polepole, mashine inausikia ikiwa juu kwa juu. Hiyo ni kazi ya makampuni yenye maelfu ya hekta. Sisi tulifanya jambo hilohilo kwa miguu, tumetandaza waya shambani, vijana wetu sita wamebeba, posho elfu kumi kumi, na kipimo kikalia pale karibu na lile korongo.

Shimo la kwanza tukaliweka hapo. Mtambo ulikuwa wa kupuliza, ule unaotoa chenga na vumbi la mwamba juu kwa hewa, kila mita moja kiroba chake, viroba vimepangwa mstari mmoja chini vimeandikwa namba kwa makapeni. Mita za mwanzo udongo mwekundu, halafu kijivu, kijivu, kijivu. Mita ya 37 vumbi likatoka jeusi linang'aa. Watu wakapiga makofi, mzee mmoja akapiga takbir. Yule kijana mtaalamu akachota kidogo akalisugua kwa kidole kwenye daftari lake, likaandika mstari mweusi kama penseli, nikamwona usoni kabla hajasema. Kinywe, yale madini meusi ya kutengenezea penseli, siyo shaba. Na vumbi likaendelea jeusi hivyohivyo mpaka mita ya 52.

Hapa ndipo kelele zilipoanzia, eti tumepigwa. Jamani hatujapigwa. Kipimo kilisema kuna kitu kinapitisha umeme na kweli kilikuwepo. Kipimo hakisomi jina la madini. Kinywe kinapitisha umeme vizuri sana, pengine kuliko hata mwamba wenye shaba, na Tanga yetu hii ina mikanda ya kinywe kila kona, ukiwa pwani napo maji ya chumvi yanadanganya hivyohivyo. Tena zinki ndo kabisa, mwamba wake haupitishi umeme wa maana, unaweza ukapita juu yake na mashine ikanyamaza. Ndo maana wanachoronga! Kama kipimo kingetosha nani angepoteza hela kuchoronga?

Shimo la pili tulisogea upande wa pili wa korongo, likaenda chini mita 50, na huko mita ya 41 mpaka 43 maabara imesoma shaba asilimia 0.3. Ndogo, najua, haichimbiki. Lakini ipo, na ipo chini kule ambako duara lenu halijawahi kufika, na mtu wa kwanza kuiona kwenye eneo hili ni chama hiki chini ya uongozi huu. Mzee mmoja aliniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikafurahi nikajua ananiunga mkono, kumbe anaendelea: mwenyekiti tumeinama mpaka kiuno kimekufa ganzi. Sawa mzee wangu. Ila mjue wenzetu waliinama zaidi.

Kule Australia Kusini kuna mgodi unaitwa Olympic Dam, jina la lambo la mifugo tu. Juu hapakuwa na jiwe hata moja la kuokota, mali iko chini ya zaidi ya mita 300 za mwamba mtupu. Waliona usumaku na uzito wa mwamba vimekolea sehemu moja wakachoronga mwaka 1975, shimo la kwanza likatoa shaba ya asilimia 1 hivi, yaliyofuata mengi hayakuwa na maana, shimo la 10 mwaka 1976 ndo likatoa mita 170 za shaba ya asilimia 2.1. La kumi. Sisi tumechoronga mawili watu wanataka kura ya kutokuwa na imani. Hapa kwetu Kabanga, kule Ngara, nikeli wameanza kuichoronga miaka ya 1970, mkataba wa serikali na kampuni ya LZ Nickel, uliozaa kampuni ya ubia ya Tembo Nickel, umekuja kusainiwa Januari 2021.

La usiri nalo nalijibu. Ni kweli kamati iliamua bila mkutano mkuu. Mkutano uliitishwa mara mbili, akidi haikutimia mara mbili, mkitaka kuamua njooni mkutanoni. Halafu mambo haya hayatangazwi. Kule Timmins, Kanada, kampuni ya Texas Gulf Sulphur ndege yao iligundua kitu mwaka 1959, wakahangaika na wenye ardhi mpaka 1963 ndo wakachoronga, shimo la kwanza tu, kama mita 200, likatoa shaba asilimia 1.15 na zinki asilimia 8.64. Unadhani walipiga picha wakaweka status? Walilificha lile shimo, wakaenda kuchoronga lingine la danganya toto pembeni wakijua ni kavu, huku wananunua ardhi ya jirani kimyakimya. Kwetu hapa ningetaja korongo kwenye grupu saa mbili usiku, saa tatu madalali wa Mkata wameshaomba leseni pande zote nne.

Najua mwanachama mmoja ameshaitafuta hiyo habari akajibu kwamba wale wakubwa wa Timmins waliishia mahakamani kwa kununua hisa za kampuni kabla matokeo hayajatangazwa. Ni kweli. Na mimi sijanunua kipande hata kimoja. Ile leseni ya shemeji yangu upande wa kaskazini aliiomba muda mrefu kabla ya vipimo, tarehe ipo kwenye karatasi, na hata mimi nilishangaa kuona zimepakana.

Mwenye mtambo alichelewa wiki tatu na alitaka alipwe hela za siku ambazo mtambo ulikaa bila kazi, tulikataa, suala lipo linaongelewa.

Mwaka huu, Mungu akijaalia, tunategemea kuomba mitambo ya STAMICO, shirika la madini la serikali, ile ya wachimbaji wadogo ili tupate walau mashimo mengine mawili matatu kwa bei nafuu, kutafuta mtu wa kutuambia kile kinywe kina ubora gani na kama kina soko, na kompresa tutaiangalia michango ikikaa sawa. Dunia inataka shaba na nikeli kwa ajili ya magari ya umeme, tukijipanga na sisi tunaweza tukawemo. Tarehe ya mkutano mkuu tutatangaziana.

Mwisho kuna suala la viroba. Viroba vya sampuli vilikuwa 110 kwenye stoo, sasa vimebaki 71, na vingine vimeonekana mnadani vimejazwa mahindi huku namba ya mita bado inasomeka. Kile kilichomwagwa chini mkaita vumbi ndicho tulichokilipia milioni 13. Waliovichukua wavirudishe kwa mtunza stoo kabla ya Jumamosi, na kama lile vumbi mlilimwaga mniambie mlilimwaga wapi na kiroba namba ngapi, hasa mwenye namba 42 ya shimo la pili.