Barua ya wazi kwa Waziri: usitie saini kibali cha kufuga nyangumi kwa maonyesho

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya wanyama wa baharini,

Salaam.

Maombi ya kujenga bustani ya maonyesho ya nyangumi hufika mezani yakiwa yamepambwa vizuri: mchoro wa bwawa la buluu, idadi ya ajira, makadirio ya watalii, na barua ya mtaalamu inayothibitisha kwamba vipimo vyote vimezingatiwa. Tunakuomba usitie saini. Tunakuomba pia usome sababu zetu hadi mwisho, kwa sababu nyingi zimejificha ndani ya vipimo hivyo hivyo.

Tuanze na bwawa. Kanuni za Marekani, nchi yenye uzoefu mrefu wa biashara hii, zinahesabu kwamba orka mzima ana urefu wa wastani wa mita 7.32. Orka ni yule nyangumi mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye kwa ukoo ni pomboo mkubwa kuliko wote. Kwa hesabu hiyo, upana wa chini unaoruhusiwa ni mara mbili ya mwili wake, yaani mita 14.63, na kina cha chini ni nusu ya mwili, mita 3.66. Hebu mweke mnyama huyo wima ndani ya maji hayo: nusu yake inabaki hewani. Mwache aogelee mbele: akipiga mkia mara chache tu, ukuta huu hapa. Baharini kiumbe huyu huenda kilomita 100 na zaidi kwa siku moja, na huzama mamia ya mita kufuata mawindo. Na vipimo hivyo vya karatasini vina watu wake. Orka jike aliyejulikana kama Lolita alinaswa Agosti 1970 katika ghuba ya Penn Cove, jimbo la Washington, akapelekwa Miami, akaishi katika bwawa la takriban mita 24 kwa 18, kina mita 6 mahali penye kina kirefu zaidi. Alifia humo Agosti 2023. Miaka 53.

Mwombaji atakwambia bwawa lake litakuwa kubwa zaidi. Huenda ni kweli. Lakini hata ukiongeza kina mara tatu ya kipimo cha kanuni, unapata mita 11, na mnyama bado hana pa kuzamia. Asiyeweza kuzama hukaa juu ya maji, na hapo ndipo madhara yanapoanza kufuatana. Pezi la mgongoni la dume halina mfupa ndani yake. Husimama kwa nyuzi ngumu za mwilini zikisaidiwa na shinikizo la maji. Likikaa hewani mchana kutwa, hulegea na kulala ubavuni, na ndiyo maana madume wazima wa mabwawani karibu wote wamelala mapezi ilhali porini hali hiyo ni nadra. Jua nalo huchoma ngozi ya mgongo. Kisha kuna mbu. Mnyama anayeelea bila kutikisika usiku huumwa na mbu mgongoni na kuzunguka tundu la kupumulia, na orka wawili wa mabwawa ya Marekani, mmoja Florida mwaka 1990 na mwingine Texas mwaka 2007, walikufa wakiwa na virusi vya ubongo vinavyoenezwa na mbu. Nyangumi kuuawa na mbu! Hilo halikuwahi kuingia kwenye mchoro wa mhandisi yeyote.

Tunaomba usimame kidogo kwenye meno, kwa kuwa hapo panaonekana wazi kinachotendeka ndani ya kichwa cha mnyama huyu. Mabwawa hugawanywa kwa malango ya mabomba ya chuma ili wasioelewana watenganishwe. Anayechoka na kukosa la kufanya hung'ata chuma na kusaga ukingo wa zege, saa baada ya saa. Jino hupasuka au hulika hadi nyama laini ya ndani ikabaki wazi. Daktari akiliacha, usaha utaingia taya na kisha damu. Kwa hiyo hulitoboa kwa kekee hadi kwenye kiini na kukichomoa, mnyama akiwa macho, kwa maana kumlaza orka kwa dawa ya usingizi ni hatari: pumzi yake anaivuta kwa kukusudia, na akilala sana huacha kuvuta. Tundu hilo kwa kawaida halizibwi. Huoshwa kwa maji ya dawa kila siku, maisha yote. Watafiti waliokagua picha za meno ya orka 29 wa mabwawani, katika ripoti iliyotoka mwaka 2017, walikuta meno yameharibika kwa wote 29.

Chakula pia kina hesabu yake. Nyangumi hanywi maji ya bahari. Maji yake huyapata ndani ya samaki anayemla. Samaki aliyegandishwa akayeyushwa hupoteza sehemu ya maji hayo, ndiyo sababu orka wa mabwawani hulishwa mapande ya jelatini ili wasikaukiwe mwilini. Baadhi ya samaki wanaolishwa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 wakiwa ghalani, kwa hiyo mlishaji husukuma vidonge vya B1 na vitamini E ndani ya mashavu ya samaki wa kwanza wa asubuhi. Akisahau kwa wiki kadhaa, mnyama hukosa hamu ya kula na neva huanza kuyumba. Shika kipimo kimoja tu, kwa kuwa tutakirudia: jike wa tani 3 akila asilimia 2 ya uzito wake, ni kilo 60 kwa siku.

Anachokula hukitoa, na maji ni yale yale. Kanuni za Marekani tulizozitaja zinavumilia hadi bakteria wa jamii ya kinyesi 1,000 katika kila mililita 100. Ili kubaki chini ya hapo, maji hupitishwa kwenye vichujio vya mchanga kisha hutiwa ozoni au klorini. Klorini ikikutana na mkojo huzaa kemikali zinazowasha macho na koo. Ukipunguza dawa, bakteria na mwani hupanda. Ukizidisha, mnyama hufumba macho na ngozi huchubuka. Fundi mzuri huishi katikati ya hatari hizo mbili, na pampu ikizimika nusu siku hana tena katikati. Bahari haihitaji fundi huyo.

Ipo pia sauti, ambayo mtembeleaji haioni. Orka huona kwa mwangwi: hupiga milio mifupi na kusikiliza inavyorudi. Ndani ya zege, kila mlio hurudi kutoka kuta zote, juu yake zikiwa pampu zinazonguruma mchana na usiku na spika za onyesho. Kila ukoo wa orka una lahaja yake, na watoto hujifunza kutoka kwa mama na bibi. Katika baadhi ya jamii za Pasifiki ya Kaskazini hata dume mzima hamwachi mama yake hadi kifo. Bustani huchanganya wa Iceland na wa Pasifiki kama mtu anayepanga viti. Mwezi Agosti 1989, San Diego, jike mmoja wa Iceland alimgonga kwa nguvu jike wa Pasifiki wakati wa onyesho, akajivunja taya, mshipa ukakatika. Alitoka damu hadi akafa. Baharini mnyonge angeondoka zake. Bwawani anaishia ukutani.

Kuhusu usalama wa wakufunzi tutakuwa wafupi, kwa sababu ni jambo la kuhuzunisha na linafahamika. Hakuna kumbukumbu hata moja ya orka wa porini aliyeua mtu. Dume mmoja tu wa bwawani, Tilikum, aliyenaswa Iceland mwaka 1983 akiwa mtoto wa miaka kama miwili, alihusika na vifo vya watu watatu: 1991, 1999 na 2010. Katika bustani yake ya kwanza alifungiwa usiku ndani ya kizimba cha chuma chenye giza pamoja na majike wawili waliokuwa wakimchana kwa meno. Mkesha wa Krismasi mwaka 2009, dume mwingine aliua mkufunzi huko Tenerife, kisiwa cha Hispania. Hatuwalaumu wakufunzi. Wengi wao wanawapenda wanyama hawa kwa dhati na ndio wa kwanza kuona wanavyoharibika.

Utaambiwa kwamba bustani inaelimisha. Anachojifunza mtoto pale ni kwamba nyangumi huruka akipigiwa filimbi na kupewa samaki. Utaambiwa pia inahifadhi, na dai hili linastahili jibu kamili. Kuhifadhi kwa kuzalisha kuna maana pale watoto wanaporudishwa porini. Wazao wengi wa mabwawani ni machotara wa damu za bahari mbili, hawana ukoo wala lahaja ya kurudia, na baadhi wametokana na uhimilishaji, yaani jike kutiwa mbegu na binadamu, uliofanywa ili bustani isikose wanyama wa onyesho. Kuokoa aliyekwama ni kazi nyingine kabisa. Januari 1997 ndama wa nyangumi wa kijivu aliokotwa pwani ya California akiwa hana hata tani moja; akatunzwa San Diego, na Machi 1998 akarudishwa baharini akiwa na zaidi ya tani 8. Uokoaji ndio huo: una siku ya kuingia na siku ya kutoka. Tikiti za onyesho hazina siku ya kutoka.

Na hapo ndipo penye uzito wa saini yako, Mheshimiwa. Onyesho hudumu msimu, kampuni hudumu miaka kadhaa, lakini orka jike porini anaweza kufikisha miaka 80. Ufaransa ilipitisha sheria Novemba 2021 ya kukomesha maonyesho ya nyangumi na pomboo. Bustani ya Antibes ikafunga milango Januari 2025, wageni wakaenda zao, na orka wawili, mama na mwanawe, wakabaki ndani ya matangi huku watu wakibishana wapelekwe wapi. Kanada ilipiga marufuku mwaka 2019, lakini beluga 30, wale nyangumi weupe wa Aktiki, walikuwa bado katika bustani iliyofungwa kule Niagara Falls mwaka 2025, mwenye bustani akisema hana fedha za kuwalisha. Mawaziri wa nchi hizo walirithi saini za watu waliokwisha kustaafu.

Wala usidhani kwamba lango la bahari ni rahisi kufungua. Keiko, orka dume aliyenaswa Iceland mwaka 1979, alianza kuandaliwa mwaka 1996 huko Oregon, akapelekwa kwenye ghuba ya Klettsvik, Iceland, mwaka 1998, akavuka mwenyewe hadi Norwei mwaka 2002, akafa kwa nimonia Desemba 2003 bila kupata ukoo uliompokea. Beluga wawili waliotolewa Shanghai Juni 2019 na kupelekwa ghuba hiyo hiyo wamelazimika kurudishwa bwawa la ndani zaidi ya mara moja. Ghuba yenye wavu ni bora mara nyingi kuliko tangi, lakini huchukua miaka na fedha nyingi, na aliyezaliwa bwawani atahitaji kulishwa humo hadi kufa.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni kukataa. Ikiwa tayari wapo nyangumi chini ya mamlaka yako, anza na uzazi: piga marufuku uhimilishaji, na agiza madume na majike watenganishwe au majike wapewe homoni za kuzuia mimba, bila kuwatoa watoto kwa mama zao. Sharti hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana. Oktoba 2015 tume ya pwani ya California iliruhusu upanuzi wa mabwawa ya orka kwa sharti la kutozalisha. Kampuni yenye mabwawa hayo ikaenda mahakamani, na Machi 2016 yenyewe ikatangaza kuacha kuzalisha.

Kisha kagua uingizaji. Nyangumi wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kila kibali kina herufi ya asili: W ni aliyetoka porini, C ni aliyezalishwa kizuizini. Usiridhike na herufi. Dai sampuli ya vinasaba ilinganishwe na ya wazazi waliotajwa, kwa kuwa kunasa hakujaisha: mwaka 2018 orka 11 na beluga 87 walikutwa kwenye vizimba vya baharini karibu na Nakhodka, Urusi, wakisubiri wanunuzi, na kuwarudisha baharini kulichukua hadi Novemba 2019. Dai pia ripoti ya uchunguzi wa kila mzoga itangazwe, ikiwa na picha za meno.

Mwisho, dai dhamana ya fedha benki kabla tofali la kwanza halijawekwa. Hesabu ni ile tuliyoiacha juu: kilo 60 kwa siku ni takriban tani 22 za samaki kwa mwaka, na kwa miaka 50 ni tani 1,100, kwa nyangumi mmoja, mbali na umeme wa pampu, daktari na wavu wa ghuba. Mwombaji aandike kiasi hicho kwa mkono wake, aeleze kitatoka wapi siku ambayo mauzo ya tikiti yatakoma, na jibu lake lichapishwe pamoja na uamuzi wako.

Tunaomba kuwasilisha.