Mbele ya kupima masaa ya tele, mupime mama

Bwana Mhariri, salamu toka Kadutu.

Nilisoma ile habari yenu juu ya batoto badogo na tele (televizyo), na kusema kweli ilinikasirisha. Haina uongo, lakini kila mustari ulikuwa unapiga bamama tu: mama muvivu, mama anaweka katuni ili abakie kwa simu yake. Neno baba sikuliona hata mara moja mule, bahati yake.

Kanuni tunazijua. OMS, shirika la afya la dunia, ilitoa mwongozo mwaka 2019: mutoto mwenye hajafikisha miaka 2 asiwekwe mbele ya tele, wa miaka 2 mpaka 4 isipite saa 1 kwa siku, na ikipunguka ni vizuri zaidi. Nakubali yote. Lakini ile saa ya pili na ya tatu inatokaka wapi? Hapo hamukugusa.

Mutazame mama mwenye alizala kwa kupasuliwa. Kidonda bado kinamuuma, wa kunyonya analia usiku muzima, asubuhi maji haitoke kwa robine basi bidoni ya litre 20 inamungojea kule chini ya mulima, na ule mukubwa wa miaka 2 anataka kutoka inje, na inje yetu munaijua, ni pikipiki na mitaro. Umeme ukirudi anawasha tele, mutoto ananyamaza, mama anasinzia kwa kiti na kitenge begani. Huo ni uvivu?

Na kuko ingine yenye haionekane kama kidonda. Bachunguzi ba inchi mbalimbali balikuta kama mama mwenye huzuni nzito kisha kuzala, mara nyingi mutoto wake anaangalia tele zaidi. Sisemi tele njo inaleta huzuni ao huzuni njo inaleta tele, vinafuatana tu. OMS inasema katika inchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 anapata shida ya akili kisha kuzala, zaidi ile huzuni. Kwetu tunasema "amechoka", ao "aombe", na inaishia pale. Mutoto anakula, anavaa, lakini hakuna mwenye kusema naye, na tele inasema yenyewe bila kumujibu, sasa atajifunza kuongea na nani?

Tukienda kwa kilo, siku ya kupima batoto uzito, mutoto anawekwa kwa balance, anapigwa chanjo, fishi inaandikwa, "mwingine!" Mama aliyemubeba haulizwe hata amelala aje. Na kuuliza si kazi ya daktari mukubwa: kuko maswali 10 ya kutambua ile huzuni ya kisha kuzala, yenye balitunga kule Edinburgh, yanajulikana tangu 1987, hayamalize hata dakika 10. Kule Pakistan balifundisha bahudumu ba afya ba mitaa, si badaktari, batembelee bamama benye huzuni na kuongea nabo nyumbani. Matokeo yalitoka 2008: kisha miezi 6 bamama 23% tu njo balikuwa bado na huzuni, na kule bahudumu balikuwa banatembelea tu bila ile mafunzo, 53%. Sisi tuko na RECO, bahudumu ba afya ba mitaa yetu, kila avenue, banatupitia juu ya polio na moskitero.

Basi mukirudilia hii habari, muende kwa munganga mukuu wa zone ya afya mumuulize: siku ya kilo, mama anapimwa na nani? Na muandike jibu yake, hata kama ni fupi.

Mama wa batoto tatu, Kadutu, Bukavu