Kabla hujapanda Jumamosi

Chur, Uswisi

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba umeshaizoea Innsbruck, huko Austria, na wenzako wa maabara wanakuchukua kama mmoja wao. Ila hiyo safari ya Jumamosi, ya kutembea juu ya theluji mbali na njia zinazosimamiwa, imenitia wasiwasi. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Sikukatazi. Kule juu ni kuzuri mno. Lakini sisi tuliokulia Moshi theluji tuliijua kwa macho tu, pale Kibo mawingu yanapofunguka asubuhi. Hakuna aliyetufundisha kuiogopa.

Jambo la kwanza: watu wengi wanaozolewa na maporomoko ya theluji huyaanzisha wenyewe. Kati ya 10, kama 9 hivi walizolewa na theluji iliyokatika kwa uzito wao au wa mwenzao. Theluji hulala kwa matabaka. Baridi ikikaa siku nyingi bila mawingu, chembe zake hubadilika, hazishikani tena. Kisha inaanguka mpya, upepo unaisukuma na kuishindilia, na linajengeka bamba gumu juu ya kitu kisichoshika. Ukikanyaga mahali pabaya, ufa unakimbia mteremko mzima.

Kwenye kozi niliyosoma huku, mwalimu alichimba shimo la kufika kiunoni, akakata nguzo ya theluji ukutani mwake, akaweka koleo juu na kuanza kuligonga: kwanza kwa nguvu ya kiganja, kisha ya kiwiko. Ya bega hakuihitaji. Kipande cha juu kilichomoka kizima kikamwangukia magotini, na nilipochota chembe za chini zilinimwagikia vidoleni kama sukari. Tulikuwa tumesimama juu ya chembe hizo tangu tulipofika, na hakuna aliyehisi lolote.

Hapo jimboni Tirol ulipo hawajakisahau kijiji cha Galtür. Februari 1999 theluji ilianguka siku nyingi mfululizo, na tarehe 23 mlima ukashuka hadi katikati ya kijiji, ukaua watu 31. Kesho yake wengine 7 walikufa Valzur, jirani tu. Hao walikuwa kijijini tu, Neema. Ninyi mnaufuata mlima wenyewe.

Kwa hiyo kazi inaanza Ijumaa. Saa 11 jioni inatoka taarifa ya hatari ya maporomoko kwa Tirol, kwa daraja 1 hadi 5. Usiitazame namba peke yake. Soma ni kimo gani na ni upande upi wa mlima wenye hatari, na kama ni upepo au tabaka dhaifu la chini. Na daraja la 3 lisikudanganye kwa kuwa katikati. Watu wengi hufa siku za daraja hilo, kwa sababu hali ya hewa inapendeza na kila mtu anataka kutoka. Ikiwa ni 3, mwambie kiongozi wenu abaki kwenye miteremko isiyofika nyuzi 30, na isiyo na mteremko mkali juu yake pia, maana bamba linaweza kukatika mbali juu yenu. Ramani nzuri za huko huionyesha miteremko hiyo kwa rangi.

Kila mmoja awe na vitu vitatu: kifaa cha mawimbi kinachovaliwa kifuani, cha kumtafutia aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kukunja ya kudunga ndani ya theluji kumpapasa alipo, na koleo. Kifaa kiwashwe na kipimwe kabla ya kuanza kupanda. Theluji ikisimama hukaza, aliyefukiwa hawezi hata kusogeza kidole. Akitolewa ndani ya dakika 10, watu zaidi ya 9 kati ya 10 hupona. Ikipita nusu saa, ni kama mmoja tu kati ya watatu. Helikopta utaiita kwa 140, lakini wa kukufukua ni hao ulio nao. Basi waombe wakufundishe kutafuta kwa kile kifaa, na mfanye mazoezi kabla ya Jumamosi.

Mkivuka mahali pa wasiwasi, avuke mmoja mmoja, wengine wakisubiri pasipofikiwa na theluji. Ukisikia mshindo mzito chini ya miguu, ukaona nyufa zinakimbia mbele ya viatu vyako, huo mteremko mwondoke.

Najua ulivyo. Ukialikwa hupendi kumsumbua mwenyeji kwa maswali, na utaona haya kusema “turudi” mbele ya watu waliozaliwa na milima hiyo. Liseme tu, Neema. Hata wazoefu hufa, na mara nyingi kuna mtu kundini alikuwa na shaka akanyamaza. Kiongozi wa maana atasimama akusikilize. Akikucheka, mwache apande, wewe shuka kwa njia mliyopandia ukiwa na mwenzako mmoja.

Nitumie jina la bonde mnalokwenda na kilele chenyewe. Ijumaa nikitoka kazini nitaifungua taarifa hiyo, nitakupigia tuisome pamoja.

Wako,
Anna