Unyoya wa kanga nao uwe na karatasi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze shida inayotukabili sisi tunaotengeneza hereni, vidani na bangili kwa manyoya na mifupa ya ndege wanaowindwa kwa kitoweo, hasa kanga na kwale, na niziombe mamlaka zinazohusika zituwekee utaratibu mwepesi wa karatasi utakaoyafuata manyoya hayo kutoka kwa mwindaji mwenye leseni hadi mikononi mwa fundi.

Wakazi wengi wa mjini hawajui ni mali kiasi gani inayotupwa kanga anaponyonyolewa. Nyama huliwa, lakini manyoya meusi yenye madoa meupe, yale ambayo wazee husimulia kuwa ndiyo yaliyolipa jina vazi la kanga, huchomwa moto au hupeperushwa na upepo wa kiangazi. Mguu wa kwale dume una kipi kigumu ambacho hung'aa kikisuguliwa kwa msasa laini, na mfupa wa mguu, kwa kuwa ni mwepesi na una tundu ndani, hukatwa vipande na kutungwa pamoja na shanga.

Kazi hii haitaki haraka. Manyoya huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, huanikwa kivulini kwa sababu jua la Dodoma hupausha rangi, kisha hukaa kwenye friza siku kadhaa ndani ya kopo lililofungwa ili utitiri ufe. Mifupa haichemshwi kwa moto mkali, maana mafuta huzama ndani na baadaye pambo hugeuka njano na kunuka; mimi huiloweka siku nyingi katika maji ya sabuni ya unga, nikiyabadilisha kila yanapochafuka. Ndege aliyepigwa kwa gobore au bunduki ya marisau hukaguliwa kwa makini zaidi, kwa sababu chembe ya risasi iliyonasa mfupani ni sumu, na kila mama anajua kwamba kidani huishia mdomoni mwa mtoto anayenyonya.

Sasa nije kwenye sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haihesabu pembe na ngozi peke yake kuwa nyara, bali pia mfupa, kucha, unyoya na hata yai, na kesi za kukutwa na nyara za Serikali huendeshwa kama uhujumu uchumi. Naiheshimu sheria hiyo, kwani bila ukali wake wanyama wetu wangekwisha. Hata hivyo, mwaka mmoja nilipokuwa nikipeleka bidhaa zangu kwenye maonesho ya Nane Nane, Nzuguni, nilisimamishwa njiani na kutakiwa nionyeshe kibali cha manyoya niliyobeba. Leseni ilikuwa ya shemeji yangu, aliyewinda kihalali na kunigawia, na ilikuwa mfukoni mwake kijijini. Bidhaa zilichukuliwa. Simlaumu aliyenisimamisha, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua. Tangu siku hiyo natumia manyoya ya kanga wa kufugwa tu.

Lakini hapo nako hakuna usalama. Kanga wa kufugwa ni wa jamii ileile ya kanga wa porini, na akiwa na rangi yake ya asili unyoya wake hautofautishwi kwa macho na wa mwenzake. Mfugaji wa Bahi au Chamwino anayeniuzia manyoya naye anaweza kujikuta akijieleza mbele ya askari.

Marekani wana sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama, kali kiasi kwamba huruhusiwi hata kuokota na kuhifadhi unyoya ulioanguka wa ndege wengi wa porini. Ila ndege kama fezanti na bata mzinga hawamo katika orodha ya sheria hiyo, kwa hiyo mafundi wa huko hutumia manyoya yao waziwazi, wakijua mpaka uko wapi.

Ombi langu ni kwamba mwindaji anapogawa au kuuza manyoya, ofisa wanyamapori wa wilaya amwandikie fundi stakabadhi yenye namba ya leseni, aina ya ndege, idadi na tarehe, na mfugaji naye apewe yake kupitia ofisi ya kijiji. Tai, bundi na korongo taji wasiwemo kabisa, hata kama mteja ataahidi fedha nyingi. Idadi isizidi ile ya kwenye leseni, ili pasiwe na mtu atakayemuua kanga kwa ajili ya hereni. Mimi mwenyewe nimewakatalia wateja walionitaka niagize ndege kwa sababu hiyo.

Daftari langu la manunuzi liko tayari kukaguliwa siku yoyote.

Mtengeneza mapambo,
Chang'ombe, Dodoma.